Tai wa Euro 480

Nilikwenda Berlin kumsalimia dada, na mengi ya safari hiyo nayaacha: baridi, kahawa ya euro 4 na nusu isiyo na hata andazi la kushushia, choo cha stesheni cha kulipia. Nataka kusimulia Jumapili moja katika soko la vitu vya kale la Straße des 17. Juni, maana pale shemeji yangu alikaribia kulipa euro 480 kwa uongo.

Shemeji anafundisha watoto riadha. Alipoona sanamu ya tai, mabawa wazi, imesimama juu ya marumaru, hakutaka tena kuondoka. Muuzaji akasema ni zawadi ya Olimpiki ya 1936, shaba tupu. Shemeji akaanza kutoa pochi.

"Shemeji, subiri kwanza."

Washindi wa 1936 walipewa medali, na waliotwaa dhahabu waliongezewa mche wa mwaloni kwenye chungu. Hivyo ndivyo Jesse Owens, mwanariadha wa Marekani, alivyopata miche minne. Tai wa mezani hakuwamo. Tai wa michezo ile yumo kwenye kengele kubwa, ameshika pete tano, na kengele hiyo yenye ufa ipo hadi leo nje ya uwanja wa Olympiastadion. Shemeji alipomweleza muuzaji hayo kwa Kijerumani, yule bwana alinuna, akatupa mgongo.

Mama mmoja mzee wa meza ya jirani alikuwa anatusikiliza. Akatuita, akatuwekea tai wake mdogo mkononi. "Kwanza pima uzito," alisema, shemeji akinitafsiria. Shaba ni nzito kuliko zinki ya ukubwa uleule. Sumaku haisaidii kuzitenganisha, kwa kuwa haikamati hata moja. Inafichua chuma tu. Akamgeuza tai, akakwaruza ndani ya tundu la chini kwa ncha ya kisu. Rangi ya kahawia ikatoka, chini yake kijivu. Zinki iliyopakwa ifanane na shaba. Aliisema waziwazi, na ni mali yake mwenyewe anayoiuza! Hapo nikampenda yule mama.

Vyama vya michezo viligawa zawadi nyingi, akaeleza, na zinki ilikuwa nafuu. Vita viwili vikaja, shaba nyingi ikakusanywa na kuyeyushwa. Chini ya tai wake palikuwa na herufi "ges. gesch.", yaani muundo umelindwa kisheria, huyo ni tai wa kiwandani, asitafutwe mchongaji mmoja. Akatuambia tutazame pia skrubu za kibao chenye maandishi. Za tai wa jirani ziling'aa kama zimefungwa jana, kwenye marumaru iliyochakaa.

Umri ndio mgumu. Tai wa nembo ya dola ya Ujerumani wa kabla ya 1918 ana taji juu ya kichwa na ngao ya Prussia kifuani. Wa jamhuri iliyofuata hana taji. Wa enzi ya Hitler hushika shada lenye swastika, na kwa kuwa sheria ya Ujerumani inakataza kuionyesha hadharani, wauzaji huifunika, au mtu wa zamani ameshaikwangua. Lakini tai wengi wa michezo ni ndege tu juu ya mwamba. Hao husemewa na kibao.

Kibao cha mama kilisema: Ehrenpreis, yaani zawadi ya heshima, jina la chama cha mazoezi cha mji mdogo wa Saxony, mashindano ya michezo mitatu, 1913, na jina la kijana. Alitaka euro 120. Tulivutana hadi 70, na bado naona ni ghali kwa zinki.

Chama chenyewe hakipo. Desemba 1945 mataifa yaliyoshinda vita yaliamuru vyama vya michezo vya zamani vivunjwe, na baada ya hapo kabati la zawadi halikuwa na mwenyewe. Tuliandikia hifadhi ya nyaraka ya mji ule. Walijibu kwa upole, wakadai ada, wakatuma ukurasa wa gazeti la kiangazi cha 1913. Kijana wetu yumo, wa kwanza.

Mimi ni mzaliwa wa Tabora, na tai mwenye taji namjua kwa sarafu: rupia 15 za dhahabu za 1916, zilizopigwa kwetu enzi za Wajerumani katika karakana ya reli, tai upande mmoja, tembo na mlima upande wa pili. Bei yake minadani hujadiliwa hadi Ulaya. Ila makombe ya shule yetu ya msingi, yale ya UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, yaliyopangwa juu ya kabati la mwalimu mkuu, mengi hayana mwaka wala jina la mtoto hata mmoja. Waliokimbia bado wapo, wengine ni mabibi na mabwana wa makamo mjini hapahapa. Nimeshamwomba mwalimu mkuu ruhusa ya kuyapiga picha na kuanza kuwatafuta.