Kabla Hujaikata Ford Model A

Wengi huanza hot rodi, yaani gari la zamani lililovuliwa, kushushwa na kupewa injini yenye nguvu zaidi, kwa injini. Inanunuliwa, inang'arishwa, inakaa kwenye stendi pembeni ya gereji miaka mitatu, na chesisi bado haijaguswa. Huko ni kuezeka kabla ya msingi. Hot rodi huanza kwenye matairi, kisha kimo cha chesisi kutoka sakafuni, kisha ekseli, kisha breki. Injini inafuata baadaye, na naona ndiyo kazi nyepesi kuliko zote, kwa sababu inakuja ikiwa imeshafikiriwa na watu wengine. Hayo mengine inabidi uyafikirie mwenyewe.

Gari ninaloliwaza ni Ford Model A, iliyotengenezwa kati ya 1928 na 1931. Zilitoka zaidi ya milioni 4, ndiyo maana zilikuwa rahisi mkononi mwa vijana wa Los Angeles miaka ya 1930. Waling'oa madigadi, ubao wa kupandia, wakati mwingine hata kioo cha mbele, wakaenda kuzikimbiza jangwani kwenye maziwa makavu ya Muroc na El Mirage. Mwaka 1937 vilabu vyao vikaungana kuwa SCTA, chama cha kupima kasi cha Kusini mwa California, na mwaka 1949 wakaanza mbio za kwenye chumvi ya Bonneville, Utah. Injini ya silinda nne ya Model A ilitoa nguvu farasi 40. V8 ya Ford ya mwaka 1932, yenye silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V, ilitoa 65, na tangu hapo kila kijana alijua la kufanya.

Kuna jambo la adabu kwanza. Ukikuta Model A kamili, injini yake inawaka, bodi haijaoza, iache ilivyo. Tafuta gamba: bodi isiyo na sakafu, chesisi yenye matundu ya waliotangulia. Kwenye gamba chokonoa kwa bisibisi chini ya nguzo za milango na ukingo wa chini wa bodi. Bodi za Model A zenye paa zina mbao ndani yake, na mbao hizo zikioza milango hulegea hata kama bati linaonekana zima. Bati hubandikwa viraka kwa wiki moja. Mbao zitakula miezi.

Sasa matairi. Yanunue mapema, au azima yenye kimo kilekile: mbele inchi 25 au 26, nyuma 29 hadi 31. Tofauti hiyo ndiyo inayolipa gari mwinamo wake wa kuinamia mbele. Pandisha chesisi kwenye stendi kwa kimo unachokitaka, simamisha matairi mahali pake, rudi nyuma hatua kumi, utazame. Kisha lala chini na uzi. Hakuna kitu cha chesisi, stelingi wala breki kinachotakiwa kuning'inia chini ya ukingo wa chini wa rimu. Tairi likipasuka, rimu ndiyo itakayokaa kwenye lami, na chochote kilichoshuka kuliko hapo kitafika kabla yake. Hot rodi nyingi za kupendeza kwenye picha zinashindwa kipimo hiki cha uzi.

Kushusha mbele kuna njia ya kistaarabu: ekseli iliyokunjwa, ambayo ncha zake zimepanda inchi 4 kuliko katikati, na jani kuu la springi lenye macho yaliyogeuzwa, ambalo hushusha kama inchi moja zaidi. Nyuma, kama hiyo haitoshi, chesisi hukatwa nyuma ya kabini na kipande cha nyuma kupandishwa, kwa umbo la herufi Z. Unapata kimo, unapoteza buti. Ukifika hapo, amua kwanza tangi la mafuta litakaa wapi. Tangi la asili la Model A liko mbele ya dereva, juu ya miguu yake, petroli ikiteremka yenyewe kwenye kabureta. Mimi nisingeendesha V8 na petroli mapajani.

Chesisi ya Model A ina reli mbili ndefu za chuma chenye umbo la U, kama cha lori, upande wa wazi ukitazama ndani. Kwa farasi 40 kilitosha. Kwa V8 kinajipinda, milango inaanza kugonga, na nyufa zinajitokeza kwenye rivet. Dawa ni kuufunga upande wa wazi kwa bamba la mm 3 hadi 5 ili kila reli iwe boksi. Hapa ndipo wa nyumbani wengi wanapoharibu. Bamba lote linachomelewa upande wa ndani, na weldi ikipoa hunywea. Reli zote mbili hupinda kama upinde, na ukiondoa vishikizo hazirudi. Kwa hiyo weka mihimili miwili ya chuma sakafuni, ipime kwa pimamaji, funga chesisi juu yake, na chomelea fito za mbavu kati ya reli kabla ya kuanza. Shika bamba kwa nukta za weldi kila sentimita 10. Halafu weldi ya mm 30 hapa, nyingine ncha ya pili ya reli ya pili, rudi katikati, subiri mpaka uweze kugusa kwa mkono. Pima ulalo kona kwa kona kila baada ya raundi. Tofauti ikizidi mm 2, simama. Kiungo cha katikati usikitoe kupisha gia boksi mpaka reli zimeshafungwa kuwa boksi na kipya kimeshashikwa.

Kuhusu mashine ya kuchomelea: ile ndogo ya waya ya nyumbani huweka weldi nzuri kwa macho juu ya bamba la mm 5 bila kuingia ndani. Chonga kingo kwa grenda ziwe na mteremko, kisha jaribu kwenye vipande vya taka. Chomelea viwili, bana kimoja kwenye vaisi, kipige kingine kwa nyundo mpaka kilale. Weldi ikibanduka kama ganda la ndizi, na chini yake chuma kinang'aa kama kilivyotoka dukani, haikushika. Mabano ya ekseli na stelingi, kama huna uhakika, yashike kwa nukta tu na umwite fundi wa kuchomelea mwenye cheti. Hakuna aibu hapo.

Ekseli ya mbele ndiyo inayonifanya niandike usiku huu. Ford ya zamani ina springi moja iliyokingama, na wishiboni, kishikio cha ekseli chenye mikono miwili inayokutana katikati chini ya gia boksi. Gia boksi mpya inaiziba nafasi hiyo, kwa hiyo wishiboni hupasuliwa na kila mkono kufungwa kwenye reli yake. Tairi moja likipanda jiwe, mikono hiyo miwili sasa inaipinda ekseli yenyewe. Ekseli ya umbo la I hukubali kupindwa hivyo miaka na miaka. Ekseli ya bomba haikubali. Nguvu inahamia kwenye mabano, na mabano hukatika. Ukitaka bomba, tumia fito nne sambamba, mbili kila upande. Watu huchanganya kwa sababu bomba lililopigwa kromu linapendeza.

Kingipini, pini ambayo gurudumu la mbele huizunguka likikata kona, lazima ilale nyuma nyuzi 5 hadi 7 (mlalo huo ndio kasta), na matairi yachungulie ndani kwa mm 1.5 hadi 3. Pima kingipini gari likiwa na injini ndani na matairi yake, si juu ya stendi. Chesisi ikiinama mbele nyuzi 2, nyuzi 7 ulizojivunia zimebaki 5. Ukichomelea mabano ya wishiboni chesisi ikiwa imelala sawa, mwinamo ukaja baadaye, utakuwa umeipoteza kasta bila kuigusa. Ikipungua sana, usukani haurudi wenyewe na gari linatangatanga. Na kasta ikiwa sawa huku kingipini zimelegea au stelingi boksi ina mchezo, ukipiga shimo kwenye kilomita 70 kwa saa, mbele yote hutetemeka kama ungo wa kupepetea mpaka usimame. Watu hukimbilia kufunga shokapu ya stelingi. Inaficha ugonjwa. Anza na kingipini, balansi ya matairi, kisha tairodi, ile fito inayounganisha magurudumu mawili ya mbele.

Stelingi boksi inayopendwa ni ya Chevrolet Vega ya miaka ya 1970: ndogo, inakaa mbele ya injini na kusukuma fito kwa kukingama. Lakini springi iliyokingama imening'inia kwenye shakili, vishikio vinavyobembea kwenye ncha zake, na bodi inaweza kwenda kushoto na kulia juu yake. Ukigeuza usukani, kabla tairi halijasogea, gari lenyewe ndilo linasogea pembeni. Funga fito ya kuizuia bodi, kutoka chesisi hadi ekseli, sambamba na ile fito ya stelingi na urefu unaokaribiana nayo. Zikitofautiana, kila shimo litageuza matairi bila wewe kuuliza.

Breki za Model A ni za fito. Ford haikuweka breki za mafuta mpaka 1939, na za 1939 hadi 1948 huingia kwenye spindo za zamani, zile ncha za ekseli zinazobeba magurudumu, kwa kazi ndogo. Ng'oa za fito bila kuzionea huruma. Masta silinda iwe ya vyumba viwili, ili paipu moja ikipasuka ubaki na jozi moja ya magurudumu, na pedali iwe na uwiano wa 6 kwa 1 kama hakuna busta ya kusaidia mguu. Jambo linalosahaulika: kwenye hot rodi masta silinda hukaa chini ya sakafu, chini kuliko breki zenyewe, na mafuta hurudi nyuma yakiteremka. Asubuhi pedali inazama mpaka chini, ya pili inashika. Kila mtu atakwambia kuna hewa, utatoa hewa mara tano, na hakuna hewa. Kinachokosekana ni valvu ya kubakiza shinikizo: psi 2 (pauni kwa inchi ya mraba) upande wa diski, psi 10 upande wa ngoma. Paipu ziwe za inchi 3/16, ncha zikikunjwa mara mbili. Usitumie viungio vya kubana kama vya maji ya bombani.

Injini, basi. Mtu anaweza kuweka V8 ya Chevrolet ya 350, yaani inchi za ujazo 350, na kumaliza. Vipuri viko kila duka la Marekani na haichemki ovyo. Anayetaka V8 ya valvu za pembeni, aina ya 8BA ya 1949 hadi 1953, inchi za ujazo 239, ajue anachokinunua. Ekzosi yake hupita ndani ya bloki, silinda mbili za katikati zikishirikiana tundu moja kila upande, na joto hilo lote huingia kwenye maji. Bloki hupasuka kati ya kiti cha valvu na silinda. Usilipe mpaka ipimwe kwa unga wa sumaku, kisha kwa shinikizo la maji. Baadaye ichokonoe njia za maji kwa waya na sumaku: mchanga wa kiwandani na vipande vya waya wa kalibu bado vimo, vimekaa tangu siku bloki ilipomwagwa, na ndivyo vinavyoichemsha injini ambayo rejeta yake ni mpya. Kipenyo cha silinda ni inchi 3 na 3/16, mwendo wa pistoni 3.75, krenki ya Mercury, chapa dada ya Ford, ya miaka hiyohiyo ina mwendo wa inchi 4 na huingia humo humo. Feni iwe karibu mm 25 kutoka rejeta.

Kabureta mbili za Stromberg 97 ndizo sura ya V8 hii. Namba hiyo ni kipenyo cha koo lake, inchi 0.97. Zinataka petroli kwa shinikizo la psi 2.5 au 3. Pampu ya umeme ya kawaida hutoa 5 hadi 7, sindano inashindwa kufunga, petroli inamwagika juu ya manifodi ya moto. Weka kirekebisho cha shinikizo, na usidanganywe kwamba kabureta ni mbovu. Propela: gia boksi iiname nyuma nyuzi 3, pinioni ya difu, gia inayopokea propela, iinuke nyuzi 3. Zikitofautiana, utasikia mngurumo kwenye kiti.

Bodi nitaipita haraka. Kupunguza paa la Model A ni rahisi kuliko magari ya baadaye, kwa sababu nguzo zimesimama karibu wima na vioo ni bapa. Kioo cha tabaka mbili hukatwa kwa mkono. Inchi 3 zinatosha. Chomelea fito za mraba ndani ya bodi, milango ikiwa imefungwa na mianya yake ni sawa, ndipo ushike msumeno. Waya wa kuchomelea wa mm 0.6, nukta moja, sogea sentimita 20, nukta nyingine. Puti si mbadala wa subira.

Umeme wa asili ni volti 6 na chanya ndiyo inayokwenda kwenye bodi. Ukihamia volti 12, hasi ndiyo iende bodini, na waya nene za ardhi ziwe tatu: betri hadi chesisi, injini hadi chesisi, bodi hadi chesisi. Taa zikififia ukipiga honi, mwenye kosa ni ile ya tatu.

Rangi ingojee. Unganisha gari lote likiwa chuma tupu, waya, breki na petroli vyote, ulitembeze kilomita chache karibu na nyumbani. Bolti ambayo spana haiifikii, ekzosi inayounguza paipu ya breki, pedali inayogonga kiatu, yote hujitokeza wakati huo, grenda ikiwa bado haina rangi ya kuharibu. Silinda hedi za alumini zikazwe tena injini ikiwa imepoa kabisa. Kila nati uliyoikaza ipige mstari mweupe wa kalamu ya rangi, kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma. Baada ya kilomita 50 lala chini na tochi: mstari uliokatika ni nati iliyozunguka, na mara nyingi utaukuta kwenye shakili ya springi ya mbele, upande wa dereva.