Ukoo unaonekana, homoni haionekani

Kila ninapoweka kwenye hadubini slaidi ya uvimbe wa kongosho unaotoa homoni, hunishangaza kwanza utulivu wake. Seli zinafanana, viini ni vya mviringo, na kromatini yake imetawanyika kwa vipunje, mithili ya chumvi iliyochanganywa na pilipili manga ya kusaga. Hujipanga kwa vishada au kwa mistari inayojipinda kama utepe, na katikati yake hupita kapilari nyingi, kwa kuwa seli za aina hii hutegemea damu kusafirisha homoni, kama zifanyavyo seli za visiwa vya kongosho, vishada vidogo vya seli za homoni ambavyo Paul Langerhans alivieleza mwaka 1869.

Sura hiyo hunionyesha ukoo tu, yaani kwamba seli ni za jamii inayotoa homoni, si homoni ipi. Insulinoma, uvimbe unaotoa insulini na kumshusha mgonjwa sukari hadi azimie, na glukagonoma, unaotoa glukagoni na kuipandisha, zinaweza kufanana kabisa katika rangi ya hematoksilini na eosini, rangi za kawaida za maabara. Kingamwili za maabara zinazoshika kromogranini A na sinaptofizini, protini za seli za aina hii, huthibitisha ukoo huohuo. Hata kingamwili ya insulini ikishika, jina hutokana na dalili za mgonjwa, kwani uvimbe unaweza kuwa na homoni bila kuimwaga kwa kiasi cha kumdhuru. Ndiyo maana fomu ya daktari iliyoandikwa "uvimbe wa kongosho" bila neno zaidi huniudhi.

Upo mdokezo mmoja ninaoupenda: amiloidi, utando wa waridi usio na seli, uliojaa kati ya vishada vya baadhi ya insulinoma. Hutokana na amilini, protini ambayo seli za beta, zile za visiwa zinazotengeneza insulini, huitoa pamoja nayo. Ukipakwa rangi nyekundu ya Kongo na kutazamwa kwa mwanga uliochujwa utetemeke upande mmoja, hung'aa kijani cha tufaha bichi. (Rangi hiyo haikutoka Kongo, ilipewa jina Ujerumani, enzi za Mkutano wa Berlin wa 1884–1885, Kongo ilipokuwa ikijadiliwa.) Amiloidi isipokuwepo, hilo halikanushi chochote.

Kazi inayochosha ni kuhesabu, ili kupata daraja la uvimbe, yaani kasi ya kukua kwake. Seli zenye Ki-67, protini ya seli zinazojiandaa kugawanyika, zikiwa chini ya asilimia 3, ni daraja la kwanza. Kuanzia 3 hadi 20, la pili. Zaidi ya hapo, la tatu. Na seli zinazogawanyika huhesabiwa katika milimita za mraba 2, kisha hesabu inayotoa daraja la juu zaidi ndiyo hufuatwa. Mara nyingine hutokea viini vikubwa vya kutisha katika uvimbe wa daraja la kwanza, ilhali uvimbe mwingine wenye viini vya kupendeza umekwisha kufika kwenye ini. Kwa hiyo viini hivyo vikubwa huviruka, nikaendelea kuhesabu.