Nilivyorudi kusoma na mwaka wa kwanza nikiwa uzamili

Shahada yangu ya kwanza ni ya Kiswahili na historia. Nilipoingia uzamili ya elimu hapa Unguja, msimamizi aliangalia pendekezo langu la utafiti, akaniuliza hizo hojaji 200 nitazichambuaje. Nikanyamaza. "Basi kasome takwimu na wale wa mwaka wa kwanza," akasema, kama mtu anayekutuma dukani.

Kumbe si kuingia darasani tu. Mfumo wa usajili ulinikataa: kozi ni ya ngazi ya 8, yaani shahada ya kwanza, mimi nimesajiliwa ngazi ya 9, ya uzamili. Ofisini jibu lilikuwa moja, "Dada, mfumo haukubali." Wiki ile nilipanda daladala mara tatu kwenda kuambiwa maneno hayo hayo.

Kilichonitoa ni kitabu cha kanuni, kile tunachopewa siku ya kwanza tukakitia mvunguni. Kifungu kilikuwepo: wa uzamili anaweza kusoma kozi ya shahada ya kwanza kuziba pengo, kwa idhini ya maandishi ya msimamizi na mkuu wa idara, ila krediti zake, yaani pointi za kupima ukubwa wa kozi, hazihesabiwi. Yaani zile krediti 180 za uzamili zinabaki pale pale, na hii takwimu ya krediti 10, ambayo ni saa 100 za kazi, naibeba juu yake. Nikatoa kopi ya ukurasa, nikaupigia mstari, nikaubana na barua mbili. Ofisa akausoma mara mbili, akaniingiza kwa mkono.

Siku ya kwanza vijana waliniamkia shikamoo wakidhani mwalimu ndiye mimi. Nikaitikia, nikaenda kukaa nyuma. Walicheka hao! Lakini mkengeuko sanifu, kipimo cha namba zinavyotawanyika mbali na wastani, nilifahamishwa na mmoja wao, mtoto wa Mkokotoni, kwa mnada wa samaki: wastani wa bei ya tasi unaweza kuwa ule ule siku mbili, ila siku moja bei zote zimekaribiana, siku nyengine moja iko juu mno na nyengine chini mno. Mwalimu alikuwa kaliandika somo hilo ubao mzima, halikuniingia.

Alama ya kufaulu ulizia mapema. Wenzangu wakipata 40 wamefaulu; mimi, kwa kuwa wa uzamili, nilitakiwa 50, na nililijua hilo wiki moja kabla ya mtihani. Nikapata 57.

Kwenye matokeo kozi hii imeandikwa chini kabisa, haimo kwenye wastani wangu. Hojaji nilizichambua mwenyewe, zote 200.