Usiku wa Radi Kwenda Bukoba

Aprili 2011 nilipanda meli ya usiku kutoka Mwanza kwenda Bukoba, kwenye harusi ya binamu yangu. Nilikuwa nimetoka Dar es Salaam na mashati ya mikono mifupi tu. Shangazi yangu wa Kirumba aliponiona akaingia ndani, akatoka na sweta. "Vaa. Huku si pwani." Mwanza iko karibu na Ikweta kuliko Dar, lakini ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua nyuzi kama 6 hivi. Saa sita usiku, juu ya sitaha, sweta nililivaa bila kubishana na mtu.

Jirani yangu alikuwa mzee wa Ukerewe, mvuvi wa zamani, kakalia kiroba cha dagaa kilichonukia hadi chooni.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Lala sasa hivi, mjukuu wangu. Ikifika saa tisa hutalala."

Nikatazama juu: nyota tele. Akainua kiganja. "Upepo huu unatoka nchi kavu. Musoma nao unatoka nchi kavu, Bukoba hivyo hivyo. Usiku zote zinakuja ziwani. Zikikutana katikati zitakwenda wapi?"

"Juu?"

"Eeh. Sasa subiri."

Mchana huwa kinyume: ardhi hupata joto upesi na kuuvuta upepo wa ziwa. Usiku ardhi hupoa haraka, maji yanabaki na uvuguvugu wake, na hewa yenye unyevu hupandishwa mpaka iwe wingu. Ndiyo maana radi nyingi za Ziwa Victoria hupiga kati ya usiku wa manane na asubuhi, wakati wavuvi wa dagaa wako majini na taa zao. Hilo ndilo linalonikera ninaposikia mtu wa mjini akisema wavuvi wanakufa kwa uzembe.

Ilipofika saa tisa, umeme ulimulika kama mchana, turubai likapigwa na upepo mpaka kamba moja ikakatika, na mvua ikaingia ya ubavu. Watoto walilia. Mzee alifunika kiroba kwanza, kichwa chake baadaye.

Tulipotia nanga Bukoba bado ilikuwa inanyesha, ilhali shangazi alinipigia simu kusema Mwanza jua limewaka, ameshaanika nguo. Pepo za mashariki husukuma mawingu hayo kuelekea magharibi, kwa hiyo Bukoba hupata karibu maradufu ya mvua ya Mwanza, ambayo ni milimita 1,000 hivi kwa mwaka. "Tunaipika wote," mzee alisema, "Wahaya ndio wanaopakuliwa."

Nilimsaidia kushusha kiroba, nikamuuliza kwa nini alete dagaa mahali penye ziwa lile lile.

"Kuvua wanavua. Masika hii watawaanika wapi?" Akakipigapiga kiroba. "Bei leo napanga mimi."