Uzoefu wangu: nnavyomeza ARV nikiwa dago na virusi havionekani kwenye kipimo

Habari zenu ndugu zangu. Hii nawaandikia wenzangu ambao kazi zao haziwakalishi nyumbani, wavuvi hasa, ila hata dereva wa lori au mtu wa machimboni atapata kitu humu. Mimi ni mvuvi wa hapa Tanga, upande wa Sahare, navua dagaa kwa taa, naishi na VVU na dawa natumia miaka kadhaa sasa. Kipimo changu cha mwisho cha wingi wa virusi majibu yalikuja havigunduliki. Kliniki nimekaa benchi moja na wengi waliowahi kukatisha dawa, na wengi wao ukiwasikiliza dawa haikuwashinda, kazi ndo iligongana na dawa, mtu kasafiri, vidonge vikaisha akiwa huko, akaona aibu kurudi. Kwa hiyo ntaongelea hapo tu, kazi na dawa vinakaaje pamoja.

Kwa asiyejua, dago ni kambi ya wavuvi. Samaki wakihama au upepo ukigeuka tunapakia nyavu, magodoro na masufuria tunahamia pwani nyingine, Kipumbwi, Mkwaja, mara nyingine mpaka Bagamoyo, tunajenga mabanda ya makuti tunakaa mpaka mavuno yapungue. Siku za giza tunavua usiku kucha, mwezi ukiwa mkubwa taa haivuti dagaa vizuri kwa hiyo tunapumzika, na hapo mtu ana hela mkononi na muda anao. Wanunuzi wa dagaa wanakuja, mama ntilie wapo, pombe ipo, mke yuko mbali na kituo cha afya kiko mbali zaidi. Sisemi watu wa dago wabaya, nasema kwa mazingira yale virusi vinapita kirahisi. Halafu vijana wetu wa pwani wanajiamini sana kwa sababu tumetahiriwa wote tangu wadogo. Ni kweli tohara inapunguza hatari ya mwanaume kuambukizwa na mwanamke kwa kama asilimia 60, ila kupunguza sio kumaliza na haimlindi mwanamke asiambukizwe na wewe. Mimi nimetahiriwa na virusi ninavyo.

Nlikutwa navyo nlipoenda kupima kikohozi kilichogoma kuisha. TB hawakuiona, wakanishauri nipime na VVU, nikapima. Zamani ulikuwa unasubirishwa mpaka CD4, yani chembe za kinga ya mwili, zishuke ndo upewe dawa, tangu 2016 utaratibu ulibadilika, ukikutwa navyo unaanza. Nikapewa TLD, yani tenofovir, lamivudine na dolutegravir humohumo kwenye kidonge kimoja, mara moja kwa siku. Mjomba wangu alianza enzi zile za efavirenz, alikuwa akimeza usiku anapata kizunguzungu na ndoto za ajabu mpaka akaacha kabisa kupanda chombo usiku. Hii ya sasa mimi haikunipa shida hiyo, siku za mwanzo kichwa kiliuma kidogo na tumbo, ikapita.

Sasa swali la kwanza lililonisumbua, nimeze saa ngapi? Nesi aliniambia chagua saa ambayo utaweza kila siku maisha yako yote. Watu wengi wanaweka saa tatu usiku na alamu ya simu. Mimi saa tatu usiku niko kwenye maji, mikono ina magamba, na simu dago ni kama haipo, chaji tunagombania sola moja banda zima. Asubuhi nayo haieleweki, kuna siku tunaingia alfajiri kuna siku jua limeshapanda tunauza bado, ukilala umelala. Nikafikiria mchana, nikakumbuka Ramadhani. Mwisho nikachagua magharibi. Jua kwetu huku mwaka mzima linazama karibu saa ileile, tofauti haifiki hata saa nzima, na halihitaji chaji. Kambini adhana itasikika, kwenye boti utaona wenzako wanaswali, na Ramadhani ndo muda wa kufuturu kwa hiyo kidonge kinashuka na tende na swaumu iko salama. Nlimwuliza nesi kama huko kucheza kwa dakika kuna shida akasema hakuna, cha msingi kila siku isipite bila kidonge.

Na alinieleza kwa nini, hili naomba mlishike. Dawa haiui virusi vyote, inavizuia visizaliane. Vingine vinabaki vimejificha ndani ya chembechembe za mwili, vimelala. Ukiruka ruka dawa inapungua kwenye damu, vinaamka, vinazaliana huku dawa kidogo bado ipo, hapo ndo vinajifunza kuikwepa na usugu unaingia. Ukikuta umesahau, meza palepale unapokumbuka, isipokuwa kama muda wa kidonge kinachofuata umekaribia sana basi subiri hicho, usimeze viwili kwa pamoja kufidia. Kitu kingine ambacho wavuvi tunakipenda ni dawa za kiungulia, maana tunashinda na chai ya rangi tupu na kula saa za ajabu. Zile zenye magnesiamu au aluminiamu, na vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma, vinaizuia dolutegravir isiingie vizuri mwilini. ARV imeze saa mbili kabla ya hivyo au saa sita baada. Ukiandikiwa dawa za TB ndo useme kabisa unatumia nini, kwa sababu rifampisini inaishusha dolutegravir na utapangiwa dozi nyingine.

Chupa sasa. Ile chupa nyeupe ukiitikisa tu kila mtu banda zima anajua ni nini, ule mlio tunaujua wote. Mimi naiacha dawa kwenye chupa yake ileile, na kile kifuko kidogo cha kunyonya unyevu sikitoi, ila juu ya vidonge najaza pamba safi mpaka visiwe na nafasi ya kucheza. Chupa naifunga kwenye nailoni, nailoni inaingia kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko, humo ndani nina msuli wangu, sabuni na nguo ya kuswalia, nani atafungua? Ndoo inakaa upande wa banda usiopigwa na jua. Joto na maji chumvi ni adui wa vidonge, usiweke chini ya godoro wala kwenye boti. Ninachobeba baharini ni kidonge cha usiku huo peke yake, kwenye kichupa kikavu cha kuzungusha mfuniko, na cha akiba kimoja endapo upepo utatuzuia tusirudi. Jua likigusa maji nakunywa na maji ya dumu, mtu akiuliza namwambia dawa yangu, basi, hakuna aliyewahi kuendelea kuuliza.

Ila mtu mmoja kwenye chombo anajua, nahodha. Nlifikiria sana kabla ya kumwambia. Nikaona nikiumia au tukipotea siku mbili tatu lazima awepo anayejua nina dawa gani na iko wapi, na nahodha wetu ni mtu mzima, siri za watu anazo nyingi na hajawahi kuzitoa. Nlimfuata akiwa anashona nyavu, nikakaa chini nikamwambia nahodha mimi natumia zile dawa. Hakuinua kichwa, akaendelea kupitisha sindano ya nyavu kama matundu mawili matatu hivi, akaniambia "Mwanangu, mimi nimezika vijana wenye nguvu kuliko wewe kabla hizo dawa hazijafika huku. Wewe meza. Sehemu yako kwenye chombo iko palepale." Tangu siku hiyo tukiondoka ananiangalia tu, mimi naitikia kwa kichwa, ashajua nimebeba. Sisemi kila mtu amwambie bosi wake, kuna tajiri mmoja nlimfanyia kazi zamani alimtoa jamaa kwenye boti kwa tetesi tupu. Wakati sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza ubaguzi na inakataza kutoa siri ya majibu ya mtu. Angalia unayemwambia, ila kama yupo mmoja wa kuaminika mwambie, inapunguza mzigo.

Stoki. Ukishakuwa vizuri, virusi vimefubaa, kliniki inaweza kukupa dawa za miezi mingi kwa mkupuo, hata sita. Mimi nagawa, nyingine zinabaki nyumbani kwa mke wangu, nyingine naenda nazo, ndoo ikiibiwa au ikisombwa na maji sijafilisika. Na kadi ya kliniki naenda nayo, au picha yake pamoja na namba yangu, kwa sababu kituo chochote chenye huduma hiyo unaweza kuchukua dawa ukiwa msafiri. Kuna kituo kimoja huko chini waliniambia rudi ulikosajiliwa, nikakaa hapohapo kwa adabu nikaomba nimwone mfawidhi, akapiga simu kliniki yangu, wakathibitisha, nikapewa za kunifikisha nyumbani. Usigombane, na usiondoke mikono mitupu.

Kuna kijana wa chombo cha jirani siku moja alinifuata asubuhi kondomu imepasuka usiku na yule dada hawajuani hali. Kwa nini alikuja kwangu sijui, labda kwa kuwa huwa naongea haya mambo waziwazi. Nikamwambia zipo dawa za kuzuia baada ya tukio, PEP, lakini zianze ndani ya saa 72 na kadri unavyowahi ndo bora, unameza siku 28. Akasema atasubiri tumalize giza. Nikamtafutia bodaboda mwenyewe, nikampa nauli akaenda. Alimaliza dawa, alivyopima baadaye hakuwa navyo, na akaelezwa pia kuhusu PrEP, ile ya kumeza kabla kwa mtu ambaye hana virusi ila yuko kwenye hatari. Yule sasa kondomu anazo za kugawa, na anaziweka kivulini maana nazo joto linaziharibu.

Mke wangu alipima mara baada ya mimi, hana. Hizo wiki zilikuwa nzito, sitaandika yote, ila alibaki. Tulitumia kondomu na yeye akawekwa kwenye PrEP mpaka kipimo changu cha miezi sita kiliporudi. Hapo ndo nlipoelewa utafiti mmoja uliotoa majibu 2011, walifuatilia jozi 1,763 za wapenzi, mmoja anavyo mwenzake hana, wakakuta kuanza dawa mapema kunapunguza maambukizi kwa asilimia 96. Tafiti za baadaye za wapenzi ambao virusi vimeshuka kabisa hazikukuta hata mmoja aliyemwambukiza mwenzake kwa kujamiiana. Mke wangu aliposomewa hayo na nesi alimwuliza mara mbili, "kwa hiyo mtoto tunaweza?" Akaambiwa mnaweza, ila mumeo asiruke dawa. Mtoto tunaye, na yeye mama yake kila akipima yuko salama.

Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada, dago kulikuwa na uvumi mzito, dawa zimekwisha nchi nzima, zitauzwa, kuna jamaa akaanza kumeza siku moja anaruka moja ili zimfikishe mbali. Hicho ni kibaya kuliko vyote, ni kuwatengenezea virusi usugu kwa mikono yako. Mimi nlipiga simu kliniki nikaambiwa njoo tarehe yako kama kawaida, nlienda, nikapewa. Habari ya dawa zako iulize kliniki, kambini utaisikia kwa mtu aliyesikia kwa mtu.

Siku ya kuchukua dawa kabla hujasafiri usiseme tu "nasafiri". Mwambie nesi unaenda wapi, utakaa mpaka upepo gani, na tarehe ya kipimo cha wingi wa virusi isije ikaangukia ukiwa huko, kama itaangukia mwombe akuchukue damu kabla hujaondoka. Na namba yake ya simu iandike kwenye karatasi uiweke ndani ya nailoni pamoja na dawa, maana simu za dago mwisho wake kuingia maji.