Siku nane na upepo wa Iceland

Jamani nimerudi ila masikio bado yanavuma. Tulikuwa washkaji wanne gari moja, tumezunguka Iceland yote kwa barabara namba 1, kilomita 1,300 na kitu, na kilichonishangaza ni kwamba huo mzunguko ulikamilika 1974 tu, walipomaliza madaraja ya Skeiðarársandur, uwanda wa mchanga kule kusini, kabla ya hapo mito inayotoka kwenye barafuto, yaani yale mabarafu manene ya milimani, ilikuwa imekata njia kabisa.

Upepo ndo habari yenyewe. Mlango wa gari unaushika kwa mikono miwili la sivyo unang'oka, kwa hiyo kila tukipaki tunaelekeza pua ya gari kule upepo unakotoka.

Halafu Jökulsárlón sasa, ziwa lililo mbele ya barafuto. Mapande ya barafu yanamegeka kutoka kwenye barafuto, yanaelea ziwani mpaka baharini, mawimbi yanayarudisha ufukweni kwenye mchanga mweusi tii. Nikaokota kipande kimoja, angavu kama kioo, ndani kuna viputo vidogo vya hewa, tukapokezana wote wanne mpaka vidole vikafa ganzi na hakuna aliyesema neno. Hiyo dakika naipenda kuliko picha zote nilizopiga.