Fundo la M87 limeninyima usingizi
Jana usiku usingizi uligoma kabisa, nikajikuta natazama picha za darubini ya Hubble za galaksi M87, yaani kundi kubwa mno la nyota lililo mbali sana nasi. Wanaastronomia walichukua picha za miaka 13, kuanzia 1995 hadi 2008, wakaziunganisha kama filamu fupi. Nimeirudia sijui mara ngapi.

Katikati ya galaksi hiyo kuna shimo jeusi, kitu chenye mvuto mkali hata nuru ikiingia haitoki, lenye uzito wa kama majua bilioni 6.5. Kutoka pembezoni mwake unachomoka mkondo wa gesi ya moto wenye urefu wa miaka ya nuru kama 5,000. Mwanaastronomia Mmarekani Heber Curtis aliuona mwaka 1918, kama mwale ulionyooka. Mimi nilidhani kitu kikubwa hivyo kinakaa tu kama mlima. Wapi! Mafundo yake, yaani sehemu za mkondo zinazong'aa zaidi, yanasogea, mengine yanafifia, mengine yanawaka.

Fundo moja, HST-1, ndilo lililonimaliza. Kati ya 1999 na 2005 mng'ao wake kwenye mionzi ya urujuanimno uliongezeka takriban mara 90, hadi likakizidi kwa mwanga kitovu cha galaksi yenyewe! Halafu likaanza kufifia. Miaka hiyo mimi nilikuwa shule ya msingi, nahangaika na jedwali la kuzidisha, wala sina habari. Na nuru yenyewe ilikuwa imesafiri zaidi ya miaka milioni 50 ndipo ikatufikia.

Asubuhi nimemsimulia mke wangu yote haya. Akaniuliza kama nimenunua luku. Sijanunua.